Barua ya wazi: Saa 2 na dakika 20 za mkono wa mama

Kwa wenye dhamana ya afya, kuanzia halmashauri zetu 7 za Mkoa wa Kilimanjaro hadi wizarani Dodoma.

YAH: WAGONJWA WA KIHARUSI WANAORUDISHWA VIJIJINI BILA MTU WA KUWAFUATA

Waheshimiwa,

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Mimi ni fundi ujenzi, kitinda mimba kati ya watoto sita, na kwa desturi yetu Uchagani kitinda mimba ndiye anayebaki kwenye kihamba, yaani shamba la nyumbani la ukoo, pamoja na wazazi. Wakubwa zangu wametawanyika, wengine Dar es Salaam, mmoja yuko Mombasa. Kwa hiyo mama alipougua, uuguzi ukawa wangu. Udaktari sijasomea. Mtakapoona nimetaja utafiti, mjue nimesomewa na mpwa wangu aliye chuo cha uuguzi, ambaye pia amenifutia maneno mawili matatu niliyokuwa nimeyaandika kwa hasira.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, mama anakata majani ya ng'ombe chini ya migomba. Mkono wa kulia ulibaki na mundu, wa kushoto ukaachia majani. Akajaribu kuyashika tena, hayashikiki. Aliniambia baadaye kwamba hakusikia maumivu yoyote, aliona tu ule mkono umekuwa kama wa mtu mwingine. Alipogeuka kuniita, mguu nao ukamkatalia. Presha alikuwa nayo tangu zamani, na vidonge alikuwa akimeza kichwa kikimuuma, kikipoa anaacha, kama wengi wetu tunavyofanya. Jirani mmoja akasema ni upepo mbaya, mwingine akakumbushia shamba lenye kesi. Mimi nikatafuta gari.

Kuhusu hospitali tuliyomfikisha, upande wa kuokoa maisha sina lalamiko. Alipokelewa, akapigwa picha ya kichwa, akawekewa dripu, akaishi. Barua hii inaanzia siku ya 10, siku ya ruhusa.

Karatasi ya ruhusa ilikuwa na mistari minne: dawa ya presha, aspirini, apunguze chumvi, fiziotherapia (tiba ya mazoezi ya viungo) arudi baada ya wiki 2. Nikasaini. Nilipouliza namna ya kumnyanyua, muuguzi aliyekuwa na wodi nzima peke yake akanijibu kwa upole kwamba nitazoea.

Tulipofika nyumbani wanaume wanne wa jirani walikuja kumshusha garini. Wawili wakamshika kwapani, mmoja akauvuta mkono wa kushoto. Walimvuta kwa upendo kabisa, huku wakimpa pole. Nami nilikuwa nikivuta pamoja nao. Hakuna aliyekuwa ametuambia kwamba misuli inayolishikilia bega ikishalala, mfupa wa mkono unabaki kuning'inia kwenye kano, na ukiuvuta unauchomoa mahali pake kidogo kidogo. Baada ya wiki moja ningeweza kuweka kidole changu kwenye pengo lililojitokeza chini ya ncha ya bega. Usiku alikuwa halali. Mama mdogo alikuja kumkanda kwa maji ya moto, na kwa kuwa ngozi ya upande ule haisikii vizuri, tukaongeza malengelenge juu ya bega bovu. Maumivu yale yalitupotezea karibu miezi mitatu ambayo mkono ungekuwa unafanyishwa kazi.

Namna sahihi nilionyeshwa baadaye, na ilichukua dakika tano. Mgonjwa asogee ukingoni mwa kitanda, nyayo zote mbili zikanyage chini, wewe umshike kiunoni, yeye ainame mbele mpaka pua ipite vidole vya miguu, ndipo ainuke. Uzito wake mwenyewe unamnyanyua. Kwapani hapaguswi. Dakika tano, Waheshimiwa, ambazo siku ya 10 hazikupatikana.

Sasa niseme la kliniki ya fiziotherapia. Kutoka kwetu hadi barabara ya lami ni mteremko wa bodaboda, halafu daladala. Mtu asiyeweza kukaa wima hapandi bodaboda peke yake, kwa hiyo tulipanda mshikaki: dereva mbele, mama katikati, mimi nyuma nimemkumbatia asipinduke upande wa kushoto. Najua ni kosa kisheria. Trafiki aliyetusimamisha siku moja alimtazama mama, akanitazama mimi, akasema, "Nenda, mangi."

Mtaalamu aliyetuhudumia simlaumu hata kidogo. Alikuwa mmoja, benchi la wagonjwa limejaa hadi mlangoni, na bado alimwita kila mtu kwa shikamoo yake. Lakini hesabu ni hesabu. Kwa miezi 6 tulitakiwa kwenda mara 13. Tulifika mara 7, maana mara nyingine hapakuwa na nauli, mara nyingine mvua, mara mbili mimi nilikuwa kwenye zege ambalo haliachwi katikati. Kila tulipofika tulipata dakika 20 hivi. Zidisheni: dakika 140. Saa 2 na dakika 20 kwa nusu mwaka. Kwa muda huo mimi simalizi hata msingi wa banda la kuku, na mama alikuwa anajengewa upya mkono, mguu na kiuno.

Mpwa wangu alinisomea kwamba kuna watafiti wa Marekani waliokaa pembeni ya vyumba vya mazoezi wakihesabu, wakachapisha mwaka 2009. Walikuta kwamba mgonjwa wa kiharusi anapofanyishwa mazoezi ya mkono kwa vitendo vya kazi, kipindi kimoja kinampa wastani wa marudio 32. Wakasema ni kidogo mno, kwa sababu wanyama wa maabara ambao ubongo wao ulijipanga upya walirudia tendo mara mamia kwa siku. Ubongo uliopoteza kipande hauoteshi kipande kingine. Sehemu zilizobaki ndizo zinazofundishwa kazi ya ile iliyokufa, na zinajifunza kama mwanafunzi wangu anavyojifunza kupiga lipu: kwa kurudia hadi mkono uache kuuliza.

Yule mtaalamu wetu alilijua hilo. Alituambia, "Kunja-nyoosha pekee itamchosha. Mpe kazi ya nyumbani yenye faida." Basi tukampa mahindi. Hindi moja lina punje mia kadhaa. Mimi au mke wangu tunalilegeza mistari miwili mitatu, yeye anachomoa punje kwa mkono wa kushoto na kuitia kwenye kikombe cha bati. Siku za mwanzo vidole havikufumbuka. Alikuwa akizisukuma punje kwenye sinia kwa ubavu wa kiganja, kama mtu anayefuta meza. Halafu kidole gumba kikaanza kukutana na cha shahada. Punje ikidondoka kwenye bati inalia, kwa hiyo hata nikiwa nje nachanganya udongo nilijua kama anafanya kazi au amesinzia. Siku ya kwanza ya kutumia vidole nilisikia punje 11, kisha kimya, kisha sauti yake ikiuliza kama chai imeisha. Mwezi wa tano alikuwa akimaliza hindi zima kabla ya chakula cha mchana, na kuku wamemzunguka kama askari wa zamu.

Adui wetu mkubwa kipindi hicho alikuwa huruma. Kila mgeni aliyekuja kumjulia hali alimlisha kwa kijiko, akamfunga vifungo vya sweta, akasema "mwacheni apumzike." Mama naye akaanza kufanya kila kitu kwa mkono wa kulia, wa kushoto akauweka mapajani kama mkoba. Hili lina historia yake. Mtafiti wa Marekani aitwaye Edward Taub aligundua kwamba nyani aliyekatwa mishipa ya hisia ya mkono mmoja anaacha kuutumia ingawa bado unaweza kusogea, lakini ukiufunga ule mzima, anarudi kuutumia ule aliouacha. Kutokana na hapo ikatoka tiba ya kuuvika mkono mzima glavu nene karibu muda wote mgonjwa akiwa macho, kwa wiki 2, huku ule dhaifu ukifanyishwa kazi saa kadhaa kila siku. Utafiti uliotoka mwaka 2006 uliwachukua wagonjwa 222 waliokuwa na miezi 3 hadi 9 tangu waugue, na waliofungwa mkono mzima waliwazidi wenzao waliopata huduma ya kawaida. Haiwafai wote. Lazima kiganja na vidole viweze kuinuka japo kidogo. Na ninyi wauguzaji wenzangu mtakaosoma hapa, msimfunge mgonjwa wakati anatembea: mkono mzima ndio utakaomuokoa akipepesuka.

Kupepesuka ndiyo shida ninayoielewa zaidi, kwa kazi yangu. Ukuta ukitoka kwenye timazi hata kwa sentimita mbili, fundi anauona kabla ya kuupima. Mama alikuwa ametoka kwenye timazi. Ukimkalisha, analalia kushoto, na ukimwambia "kaa sawa" anakuapia kwamba amekaa sawa. Pima maji yake ya ndani ilikuwa imeharibika. Tuliweka kioo cha dirisha mbele yake, nikachora mstari wa chaki katikati, akawa anajinyoosha kwa macho hadi mwili ukazoea. Kisha kufikia vitu: kikombe nakiweka mbali kidogo, upande wa kushoto, akifikie na kurudi. Kisha kuinuka na kukaa, kuinuka na kukaa, mara 10 asubuhi, mara 10 jioni, kiti kimeegemezwa ukutani.

Kliniki, mwezi wa nne, alitembea hatua kadhaa kwenye sakafu ya terazo, tambarare kama meza, akaambiwa amefanya vizuri sana. Ni kweli alifanya vizuri. Kesho yake alianguka kwenye mfereji.

Naomba mnivumilie hapa, maana nadhani wengi wenu mmesahau jinsi mlimani kulivyo. Nyumba zetu hazipo kwenye sakafu. Kutoka mlangoni kwenda chooni ni ngazi tano za udongo. Kwenda kwa jirani au kanisani unavuka mfereji, ule uliochimbwa na mababu kuleta maji ya mlima mashambani, na daraja lake ni ubao mmoja ambao masika unaota ukungu na kuteleza. Choo ni cha kuchuchumaa. Mtu anayeyumba anahitaji kupimwa na kufundishwa kwenye mteremko wake na ubao wake, akiwa na ndoo yake. Mama alifika katikati ya ubao, jogoo akapita, akageuza shingo kumtazama, na kugeuza shingo tu kukatosha. Mungu alisaidia maji yalikuwa machache. Alitoka na michubuko na woga. Michubuko ilipona kwa wiki 2. Woga ulimkalisha kitini miezi miwili.

Kipo kipimo cha mizani ya mwili kinaitwa cha Berg, kimetumika tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Kina vitendo 14: kuinuka kitini, kusimama umefumba macho, kuokota kitu chini, kugeuza shingo kutazama nyuma, kuzunguka mduara, kusimama mguu mmoja na vingine vya namna hiyo. Kila kimoja kina alama 0 hadi 4, jumla 56. Vifaa vyake ni viti, rula, saa na kistuli. Hata hicho kistuli naweza kuwatengenezea. Mama angepimwa hivyo kwa utulivu, kile cha kugeuza shingo kingetuambia habari za jogoo mapema.

Sasa kinachonikera zaidi ni kwamba tunaongea haya Moshi. Hapa ndipo ilipo KCMC, hospitali kubwa ya rufaa iliyofunguliwa mwaka 1971, na kwenye eneo lake wanafundishwa wafiziotherapia na watoa tiba kwa vitendo (wanaomfundisha mgonjwa upya kazi za kila siku) wanaokwenda kuhudumia nchi nzima. Hapo hapo kuna TATCOT, chuo cha mafundi wa viungo bandia na vifaa saidizi kilichoanza mwaka 1981, ambacho wanafunzi wake wanatoka nchi nyingi za Afrika. Hata kuhesabiwa tulishahesabiwa. Utafiti uliofanyika wilayani Hai na Dar es Salaam kati ya 2003 na 2006 ulikuta, baada ya kurekebisha tofauti za umri, kiharusi kipya kwa watu kama 109 katika kila 100,000 kwa mwaka Hai, na kama 316 Dar es Salaam. Vyuo vimefanya kazi yao, vimefundisha. Watafiti wamefanya yao. Kuamua kwamba zahanati ya mlimani itamwona mfiziotherapia walau siku moja kwa wiki, hiyo ni kazi yenu.

Nikiri jambo. Rasimu ya kwanza ya barua hii iliomba kitu kimoja tu: wafundisheni ndugu, sisi tutafanya wenyewe. Ilionekana rahisi na haina gharama, na nilijua mtaipenda kwa sababu hiyo. Mpwa wangu akanizuia. Alinionyesha kwamba India walijaribu jambo hilo kwa wagonjwa 1,250 katika hospitali 14, matokeo yakatoka mwaka 2017. Ndugu walifundishwa kuendesha mazoezi nyumbani, na baada ya miezi 6 hapakuwa na tofauti na wale waliopata huduma ya kawaida. Nilikasirika, nikaiweka barua pembeni siku tatu. Halafu nikakumbuka nilivyofundishwa ujenzi mimi mwenyewe. Mwalimu wangu hakunionyesha kupanga tofali siku moja akaondoka. Alirudi, akagonga ukuta kwa mwiko, akasema "bomoa mistari miwili." Ndugu wa mgonjwa akiachwa peke yake atarudia kosa lake kila siku kwa bidii kubwa, kama sisi na lile bega.

Kwa hiyo ombi langu limebadilika, na ni ghali kidogo kuliko la kwanza. Mgonjwa wa kiharusi asitoke wodini kabla mtu mmoja wa nyumbani kwake hajamnyanyua, kumgeuza na kumkalisha kwa mikono yake mwenyewe huku mtaalamu anatazama. Kusaini karatasi hakutoshi. Kisha ndani ya wiki ya kwanza mtu aje aone kitanda, ngazi, choo na ubao wa mfereji, arekebishe, na arudi tena. Si lazima awe bingwa. Wapo vijana waliohitimu fiziotherapia na tiba kwa vitendo ambao hawajapata ajira, wapo wanafunzi wanaohitaji mahali pa kujifunzia kwa vitendo. Wapo pia wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao mpango wao mliuzindua upya mwaka 2024, wanatembelea wajawazito na watoto, hawawezi kushindwa kuongezewa swali moja la "bega likoje?" Kina mama wanaochua na kukanda kijijini nao waiteni, msiwafukuze. Watu wanawaendea kabla ya kuwaendea ninyi, heri wajue maji ya moto yanaunguza mkono usiosikia. Na kanuni za Bima ya Afya kwa Wote, ambayo sheria yake ilipita mwaka 2023, ziseme wazi kwamba ziara ya mazoezi nyumbani ni tiba inayolipiwa.

Siombi mgonjwa akurupushwe kitandani. Mwaka 2015 ulitoka utafiti wa wagonjwa 2,104 ulioonyesha kwamba kuwafanyisha mazoezi mengi sana ndani ya saa 24 za kwanza kuliwapunguzia nafasi ya kupona vizuri. Haraka ninayoitaka ni ya siku ya ruhusa na wiki zinazofuata, wakati ambapo kwa sasa hakuna mtu kabisa.

Mama anaendelea. Mkono wa kushoto haujarudi wote. Kikombe chenye chai ya moto hatumpi. Lakini mwezi uliopita alishika ndizi mbichi kwa mkono huo, akaimenya kwa wa kulia, akaiweka kwenye sufuria, akachukua nyingine. Alimenya za mtori wa watu wawili kwa muda ambao zamani angemenya za msiba mzima. Nilijifanya sioni, maana akijua anatazamwa anakasirika.

Ubao wa mfereji nimeuongeza ukawa mbao mbili, nikaweka na kishikio cha mti upande wa kulia wakati wa kwenda. Wakati wa kurudi kinakuwa upande wake wa kushoto, na hapo bado hatujafika. Namkaribisha yeyote kati yenu aje na saa na rula yake. Gari liacheni kanisani, kutoka hapo ni kwa miguu. Asubuhi ni nzuri zaidi, kabla ukungu haujalowanisha mbao. Viatu viwe vya kukamata.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Fundi ujenzi, Kibosho, Moshi